MOTOKARI INAYOLIA NI MGONJWA ANAYESEMA

Ndugu msomaji, katika ukurasa huu umezoea kusoma juu ya malaria, maji ya kunywa, kofia ya kazi na viatu vya usalama. Leo nitakuomba uiname pamoja nami chini ya pikapu. Usicheke. Mimi si mekanisiye, ni munganga msaidizi tu. Lakini miguu ya mbele ya pikapu imenifundisha jambo moja la kazi yangu ambalo shuleni nililisoma bila kulishika, nami nalilipia deni langu kwa kukuandikia.

Kila mmoja wetu anaijua ile sauti. Asubuhi shofere anatoka garaji, anapita juu ya tuta dogo la lango, na pale mbele panalia: kwi-kwi, kwi-kwi, kama kitanda cha zamani. Waliopanda nyuma wanacheka. Shofere anaongeza sauti ya redio. Siku ya tatu hakuna anayesikia tena, kwa sababu sikio la mtu huzoea kila kitu. Hapo ndipo hatari inapoanza.

YALIYONIPATA

Mwezi wa Septemba 2018 nilikuwa katika dispansere ya kambi moja, mbali kidogo na mji. Tulikuwa na pikapu moja ya kupeleka wagonjwa hospitali, kilometa 18 za barabara ya udongo mwekundu. Shofere wetu alikuwa mzee mwenye kupenda kazi yake. Siku moja aliniambia:

« Munganga, motokari inalia upande wa kuume. Ingefaa ilale garaji kesho. »

Nilikuwa na wagonjwa wawili wa kupeleka siku ile ya kesho. Nikamjibu kwa mzaha:

« Baba, hata magoti ya watu wazima yanalia, nao wanatembea. »

Akanyamaza. Lakini aliandika katika kitabu cha motokari, kama inavyotakiwa. Juma lile garaji waliitazama haraka haraka, wakamwagia mafuta machafu ya motere juu ya mipira yote ya mbele, wakairudisha. Siku tatu ikanyamaza. Siku ya nne ikalia tena. Yule mzee akaandika mara ya pili.

Mwezi wa Novemba mvua ikaanza. Baada ya mvua kubwa ya pili au ya tatu, ile sauti ikapotea kabisa. Mzee alikuja dirishani kwangu akitabasamu: « Munganga, imepona yenyewe! » Nami nikafurahi pamoja naye. Hakuna aliyeandika kwamba sauti imepotea, maana nani anaandika habari njema katika kitabu cha makosa?

Usiku mmoja wa Januari 2019, mke wa mfanyakazi wa posti ya usiku alishikwa na uchungu wa kuzaa. Kichwa cha mtoto kilikuwa hakishuki vizuri, nikaamua tumpeleke hospitali. Tulipokuwa tumepita nusu ya safari, mzee akapunguza mwendo apinde kwenye njia panda. Tukasikia pigo moja tu, kama nyundo juu ya bati. Gurudumu la kuume likalala chini ya motokari, pua ya motokari ikaingia mtaroni. Tulikuwa tunakwenda polepole. Kama tungekuwa kwenye lami, kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, na kamiyo ikija mbele yetu, nisingekuwa naandika maneno haya.

Mtoto alizaliwa pale pale, nyuma ya pikapu iliyoinama, kwa mwanga wa toshi ya mzee. Alilia mara moja, Mungu asifiwe. Lakini mama alianza kutoka damu nyingi. Nilimweka mtoto titini, nikasugua tumbo la uzazi kwa mkono bila kupumzika, mvua ikinyesha juu ya turubai, mpaka motokari nyingine ikafika karibu saa nzima baadaye. Mama alipona. Saa ile sitaisahau.

Kesho yake mkubwa wa garaji aliniita, akaniwekea kitu mkononi. Ilikuwa rotili ya chini, imetoka katika tundu lake. Kile kifuniko cha mpira kilikuwa kimepasuka, mpasuko mdogo kama ukucha. Ndani hapakuwa na grese hata kidogo. Palikuwa na unga wa kutu, rangi ya kahawa. Akaniambia: « Ilipolia mwezi wa tisa, ilikuwa inaomba msaada. Iliponyamaza mwezi wa kumi na moja, maji yalikuwa yameingia ndani. Ninyi mlisema imepona. »

Ndugu msomaji, mtu mwenye malaria akimeza dawa ya kushusha homa tu, homa inashuka jioni ile. Je, amepona? Vijidudu viko vile vile ndani ya damu. Mimi nawaambia wamama maneno hayo kila siku, lakini mbele ya motokari niliyasahau.

VIUNGO VYA MBELE VYA PIKAPU

Baada ya siku ile nilimwomba mkubwa wa garaji anifundishe. Siku nyingi za mapumziko nimekaa pale na daftari langu. Haya ndiyo niliyojifunza, nami nayaandika kwa maneno ya dispansere.

Tutazame Toyota Hilux, zile zilizotoka tangu mwaka 2005, kwa kuwa tunazo nyingi barabarani. Kila upande wa mbele una mikono miwili ya chuma, mkono wa juu na mkono wa chini. Mikono hiyo, upande wa ndani, imefungwa kwenye shasi kwa buloni zinazopita katikati ya mipira migumu, ile inayoitwa silambloki. Mipira hiyo ni kama gegedu katika goti: inaruhusu kiungo kucheza, tena inazuia chuma kusaga chuma.

Upande wa nje, mwishoni mwa kila mkono, kuna rotili. Hii ni kichwa cha chuma cha mviringo kinachozunguka ndani ya tundu lake, sawasawa na kichwa cha mfupa wa paja ndani ya nyonga. Rotili inamwezesha gurudumu kupanda na kushuka, na pia kupinda kushoto na kuume. Ndani yake mna grese, na juu yake pana kifuniko cha mpira cha kuzuia vumbi na maji. Kifuniko kikipasuka, maisha ya rotili yamekwisha kuhesabiwa.

Resori na amortisere vimesimama pamoja juu ya mkono wa chini. Kwa hiyo uzito wa motokari unashukia mkono wa chini, na rotili ya chini ndiyo inayochoka kwa mzigo huo. Mwisho kuna fimbo moja ndefu inayotoka kushoto hadi kuume, kazi yake ni kuzuia motokari isilale sana kwenye kona. Wamekanisiye wanaiita bara stabilizatrisi. Imeshikwa kwenye shasi kwa mipira miwili, na ncha zake zina viungo vidogo vinavyoitwa biyeleti.

Pikapu za Land Cruiser za namba 70 si hivyo. Zile zina ekseli moja nzima inayotoka gurudumu hadi gurudumu. Tangu mwaka 1999 mbele zina resori za mviringo. Zile za kabla yake zina resori za bapa, yaani vipande vya chuma vilivyolaliana. Vumbi likiingia kati ya bapa hizo, zinalia kila tuta. Usitafute ugonjwa wa Hilux katika Land Cruiser. Kwanza ujue mgonjwa wako ni nani.

ANZA KWA KUULIZA

Mgonjwa akiingia kwangu, simpi sindano kabla ya kumwuliza. Fanya vile vile. Muulize shofere, na ikiwa shofere ni wewe, jiulize mwenyewe:

Sauti ilianza lini? Ilianza baada ya kazi fulani ya garaji, au baada ya kugonga shimo?

Inalia wakati gani: kupita tuta, kupinda, kufunga freni, au wakati wote gurudumu linapozunguka?

Inalia zaidi asubuhi kukiwa baridi, au mchana kukiwa joto? Wakati wa kiangazi au wakati wa mvua?

Ni mlio mwembamba wa mpira, ni mkwaruzo, au ni pigo la chuma?

Swali la mwisho ndilo tulilolisahau sisi: je, kuna sauti iliyokuwapo zamani na sasa imepotea bila mtu kuitengeneza?

Andika majibu kwenye karatasi. Mekanisiye anayepewa karatasi yenye maneno « inalia mbele kuume, ikipita tuta polepole, asubuhi zaidi » amekwisha kupata nusu ya kazi. Anayepewa neno « inalia » peke yake atamwaga mafuta machafu kama walivyofanya kwetu.

KILA SAUTI NA MAANA YAKE

Mlio mwembamba, kwi-kwi, unaposikika kwenye matuta madogo kwa mwendo wa polepole, mara nyingi ni mpira uliokauka. Watuhumiwa wa kwanza ni mipira miwili ya bara stabilizatrisi, kisha silambloki za mikono. Vumbi letu la kiangazi linaingia kati ya mpira na chuma, na pale panalia. Mipira ya bara haiui mtu upesi. Lakini usiseme « ni mpira tu » kabla ya kuhakikisha.

Mkwaruzo mzito, kama mlango wa zamani unaofunguliwa taratibu, unaosikika unapopinda volani motokari ikiwa karibu kusimama, waonyesha rotili iliyokauka. Ukiona tena kwamba volani hairudi yenyewe katikati baada ya kona, shaka inaongezeka.

Pigo, ko-ko, si ukavu tena. Ni ulegevu. Linaweza kutoka kwenye biyeleti, buloni ya amortisere iliyolegea, silambloki iliyokwisha, au rotili iliyochakaa. Kama kwanza ililia kwi-kwi na sasa inapiga ko-ko, usingoje kesho.

Kuna sauti nyingine zinazodanganya. Mlio unaofuata mzunguko wa gurudumu, unaoongezeka kadiri unavyokwenda mbio, hautoki katika mikono. Tazama freni: huenda pleketi zimekwisha, ama jiwe dogo limekamatwa kati ya diski na bati lake. Mngurumo usiokoma waweza kuwa rulema ya gurudumu. Mlio mkali unaotoka chini ya kapo unapopinda volani mpaka mwisho, mara nyingi ni mkanda wa pampu ya volani. Na mlio unaosikika ndani, karibu na magoti yako, waweza kuwa mpira wa mti wa volani pale unapopita ukutani. Basi usikate mguu wa mgonjwa anayeumwa jino.

KUTAFUTA MAHALI PENYEWE

Sasa tunakuja kwenye uchunguzi. Kabla ya yote: uwanja wa sawa, motere imezimwa, freni ya mkono imekazwa, vigingi nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma. Watu wawili, asiwe mmoja. Na sheria isiyo na msamaha: hakuna mtu anayeingia chini ya motokari iliyoshikwa na kriki peke yake. Kriki inainua, haishiki. Anayeshika ni shandeli, kile kiti cha chuma.

Tazama kwanza. Chukua toshi, angalia vifuniko vya mpira vya rotili zote nne, kushoto na kuume. Je, kuna mpasuko? Kuna grese iliyotoka nje na kushika vumbi? Kuna alama ya kutu? Angalia silambloki kama zimepasuka au zimetoka mahali pake. Angalia magurudumu: pine inayoliwa upande mmoja tu inasema kuna kiungo kilichokwenda pembeni.

Kisha gusa. Magurudumu yakiwa chini, mwenzako asukume pua ya motokari chini na juu, taratibu. Wewe weka kiganja chako juu ya mkono wa chuma karibu na kila mpira, halafu juu ya kila rotili. Kiungo kizima kinateleza kimya. Kiungo kigonjwa kinatetemeka mkononi, kama goti la mzee unapoliweka kiganja na kumwambia alikunje. Vidole visiingie kamwe kati ya duara za resori, wala kati ya mkono wa chuma na kizuizi chake.

Kisha sikiliza. Mwaka 1816 munganga mmoja Mfaransa, René Laennec, alikunja karatasi ikawa kama bomba, akasikiliza moyo wa mgonjwa. Hivyo ndivyo kilivyoanza kifaa tunachotundika shingoni. Nawe chukua kipande cha mpira wa maji, urefu wa meta moja. Ncha moja iwe karibu na sikio, usiingize ndani. Ncha nyingine uisogeze karibu na kila kiungo wakati mwenzako anasukuma motokari. Sauti iliyokuwa « mbele tu » itakuwa na mahali pake. Ukitaka kusikiliza wakati volani inapindwa, motere ikiwa inazunguka, simama pembeni. Usilale chini.

Mwisho jaribu maji. Hili ni jaribio rahisi, halina gharama. Tia maji yenye sabuni kidogo kwenye chupa. Lowesha mpira mmoja tu, kwa mfano mpira wa bara upande wa kuume, kisha sukuma motokari tena au uipitishe kwenye tuta lile lile. Sauti ikiendelea, nenda kwenye mpira wa pili. Siku utakapolowesha na sauti ikakatika, kisha ikarudi maji yakikauka, umempata mwenye kosa. Ukilowesha yote kwa mara moja, hujajifunza kitu.

Lakini sikia vizuri: maji ni kipimo, si dawa. Mvua ya Novemba ilifanya jaribio hilo mbele ya macho yetu. Ilituonyesha kwamba kuna kiungo kikavu kilicho wazi, maji yanaingia. Sisi tulisoma jibu kinyume.

KUPIMA ULEGEVU

Sauti inakuambia mahali. Ulegevu unakuambia hatari. Kazi hii ni ya mekanisiye, lakini ni vizuri shofere aijue, aweze kuuliza: « Je, mmeipima? »

Kwa Hilux tuliyoitaja, kriki inawekwa chini ya mkono wa chini, karibu na gurudumu, ili resori ikunjwe na rotili ya chini ipumzike. Ukiinua kwa shasi, resori inausukuma mkono chini na rotili inabanwa. Ulegevu unafichika, nawe unadhani ni nzima. Weka shandeli. Gurudumu liwe sentimeta chache juu ya udongo. Mtu mmoja aingize chuma kirefu chini ya pine na kuinua kidogo kidogo. Mwingine aangalie rotili kwa toshi. Kitabu cha mtengenezaji kinasema kipimo cha mwisho, nacho ndicho cha kufuata. Lakini rotili inayocheza waziwazi mbele ya macho haihitaji kitabu.

Kisha shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwenzako akanyage freni. Ulegevu ukipotea, tazama rulema. Ukibaki, tazama rotili na mikono. Halafu shika kushoto na kuume: ulegevu wa upande huu mara nyingi ni wa rotili ndogo za volani.

DAWA MBAYA NA DAWA NZURI

Dawa mbaya ya kwanza ni mafuta machafu ya motere juu ya mipira. Yanaleta kimya cha siku tatu, kisha yanavimbisha mpira, unalegea na kupasuka mapema. Mpira wa bara ukihitaji kulainishwa, tumia grese ya silikoni, ile isiyokula mpira. Ukiwa umekwisha, ubadilishwe. Bei yake ni ndogo.

Dawa mbaya ya pili ni nyundo na kukaza kila buloni kwa nguvu. Dawa mbaya ya tatu ni redio.

Rotili nyingi za siku hizi zimefungwa kabisa, hazina chuchu ya kupitishia grese. Ikikauka au kifuniko kikipasuka na vumbi kuingia, haiponi, inabadilishwa. Zile zenye chuchu zipewe grese kwa tarehe zake, si siku zinapolia. Ukibadilisha upande mmoja, pima na upande wa pili, maana miguu yote miwili imetembea njia moja. Gupiya ya ekru iwe mpya, usirudishe ya zamani iliyokunjwa.

Na hili liko katika daftari langu kwa kalamu nyekundu. Silambloki mpya za mikono zikikazwa motokari ikiwa bado imening'inia, mpira unabaki umejikunja siku zote motokari inaposimama chini. Utalia tena baada ya muda mfupi na kupasuka. Buloni hizo zikazwe mara ya mwisho motokari ikiwa imesimama kwa magurudumu yake, kwa uzito wake. Kisha magurudumu yapimwe yawe sawa, ndipo motokari irudi kazini.

SIMAMISHA MOTOKARI IKIWA:

1. Mlio umegeuka kuwa pigo.

2. Motokari inavuta upande mmoja, au volani hairudi katikati.

3. Kifuniko cha rotili kimepasuka na ndani kuna kutu.

4. Gurudumu linacheza ukilitikisa kwa mkono.

5. Sauti ya zamani imepotea na hakuna aliyetengeneza kitu. Hii pia ni alama. Iandike.

KILA MTU NA KAZI YAKE

Wewe shofere, sikio lako ndilo daktari wa kwanza wa motokari. Mara moja kwa juma, zima redio, fungua dirisha, pita polepole juu ya tuta la lango, usikilize. Ukisikia, andika. Wakikujibu « hakuna kitu », andika tena. Yule mzee wetu aliandika mara mbili, na hakuna anayeweza kumlaumu.

Wewe mekanisiye, usiandike « imetengenezwa » kabla ya kujua ni kiungo gani kilichokuwa kinalia. Andika jina la kiungo.

Wewe kapita, na wewe unayengoja motokari kama mimi nilivyongoja, usimlazimishe shofere kwa mzaha wala kwa haraka. Wagonjwa wawili wa mwezi wa tisa wangeweza kungoja motokari nyingine nusu ya siku. Mimi sikupenda kungoja, na mwenye kulipa akawa mama aliyelala nyuma ya pikapu mtaroni, usiku wa mvua.

Yule mzee sasa yuko kwenye pensheni. Tukikutana bado ananiuliza: « Munganga, magoti yanaliaje? » Tunacheka, lakini mimi nacheka kidogo tu. Na yule mtoto aliyezaliwa njiani anasoma shule ya msingi. Wazazi wake wanakaa bado kambini, nami humwona akipita na mfuko wake wa shule. Kila nikimwona nakumbuka mpasuko ule mdogo kama ukucha.

Ndugu msomaji, kesho asubuhi motokari yako ikilia, usiizoee. Na ikinyamaza yenyewe, usishangilie. Sikia, andika, simamisha.